Usukani wa Siku ya Kipaimara

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Hanna aliifuta Noah, gari la baba yake. Hakuna aliyemtuma. Alichukua ndoo ndogo na kitambaa, akaanza na kioo cha mbele, akamalizia na taa. Kisha aliingia ndani, akakaa kwenye kiti cha dereva, akashika usukani na kufumba macho.

Hapo ndipo safari ilipoanza. Gari halikuondoka uani kwao Moshono, lakini Hanna aliondoka. Alipita Tengeru, akaenda zake Usa River. Mlima Meru ulikuwa kushoto kwake, mawingu yamelala begani mwa mlima. Barabara ilikuwa tupu na laini. Ukoo mzima ulikuwa nyuma, umevaa nguo za sikukuu, unaimba.

"Hanna! Uji unapoa!" mama yake, Lilian, aliita kutoka jikoni. "Na shule hawatakusubiri!"

Safari ikaishia hapo.

Hanna alikuwa na miaka kumi na mitano. Mwezi wa Novemba angepata kipaimara. Na katika ukoo wao kulikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Anayepata kipaimara ndiye huendesha gari kutoka kanisani hadi nyumbani kwa Bibi, kule juu mlimani, kwenye sherehe. Alianza baba mkubwa, Frederick, na pikapu ya marehemu babu. Akafuata mdogo wake, Bariki, ambaye ndiye baba yake Hanna. Wote wawili walikuwa na miaka kumi na mitano. Wote wawili walifika salama. Basi ukoo ukaona ni jambo jema, picha zikatundikwa sebuleni.

"Ukipata kipaimara umekuwa mtu mzima," Baba mkubwa Frederick alipenda kusema. "Na mtu mzima hukabidhiwa usukani." Alisema kwa uhakika, utadhani ameisoma kwenye katekisimu.

Bariki alikuwa dereva wa watalii kwa miaka ishirini. Kila Jumapili asiyokuwa safarini alimpeleka Hanna kwa Bibi. Kwenye njia ya shambani, kati ya kahawa na migomba, walibadilishana viti. Hanna alijifunza upesi. Alijua kukata kona. Alijua kusimama bila kumrusha mtu. Baba yake alimtazama kwa fahari, akaiona ile siku ya Novemba kama imeshafika.

Jumapili moja ya mwezi wa nane, ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba. Ukungu wa kule hauna haraka. Hukaa tu, na kila kitu huonekana kama kinaota: nyumba, ng'ombe, hata sauti za watu. Hanna aliupenda. Ndani ya ukungu alijiona yuko peke yake duniani na gari lake.

"Sasa rudi nyuma tuingie uani kwa Bibi," Baba alisema. "Taratibu."

Hanna aliweka gia ya kurudi nyuma. Akatazama kioo. Kiooni palikuwa peupe tu. Gari likarudi kidogo, gurudumu likapanda jiwe. Gari likaruka, naye akashtuka.

"Breki!" Baba alisema.

Hanna akakanyaga kwa nguvu zote. Lakini mguu wake ulikuwa kwenye pedali ya mafuta.

Gari lilirudi nyuma kwa kasi. Mbao zikavunjika. Kisha ikasikika sauti ya kahawa ikimwagika, muda mrefu, kama mvua juu ya bati. Baba akavuta breki ya mkono, akazima gari.

Waliposhuka walikuta kichanja ambacho Bibi huanikia kahawa kimevunjika katikati. Kahawa ilikuwa kwenye matope. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, ungo mkononi.

"Nilikuwa hapo," alisema polepole, akionyesha pale mbao zilipovunjika. "Nilikuwa nachambua. Nimeingia ndani mara moja tu, kuchukua ungo."

Hanna aliinamisha macho. Hakuweza kumtazama bibi yake.

Baba alijaribu kucheka. "Mama, nitakutengenezea kichanja kingine. Hata mimi nilipokuwa najifunza niligonga mti wa parachichi."

"Ule mti haukuwa mama yako," Bibi alisema. Akainama, akaanza kuokota kahawa.

Kesho yake jioni jirani yao, Silantoi, alikuja kuchukua maziwa kama kawaida. Silantoi alikuwa mwalimu katika chuo cha udereva mjini. Alipita nyuma ya Noah, akasimama. Bampa lilikuwa limebonyea. Kwenye ufa wake zilikuwa zimekwama punje tano sita za kahawa.

"Baba Hanna, siku hizi mnavuna kahawa kwa gari?"

Bariki alitaka kutania naye, akashindwa. Alimweleza yote: desturi, mazoezi ya Jumapili, kichanja. Hanna alikaa kwenye ngazi, kichwa chini.

"Mimi nimeendesha wageni miaka ishirini, mwalimu," Bariki alisema. "Sijawahi kukwaruza hata taa. Nishindwe kumfundisha mwanangu?"

"Kuendesha unajua, labda kuliko mimi," Silantoi alisema. "Lakini niambie. Gari liliporuka, mguu wako ulikuwa kwenye breki gani?"

Bariki aliitazama miguu yake.

"Gari langu la kufundishia lina breki ya pili, upande wangu. Mwanafunzi akikosea, nasimamisha mimi. Na bado kuna siku nashuka nimeloa jasho. Wewe jana ulikuwa abiria, kaka yangu. Abiria kama abiria wengine."

"Lakini ile ni njia ya shambani. Kule hakuna trafiki."

"Trafiki hayupo," Silantoi alisema. "Mama yako yupo."

Bariki aliketi chini, pale kwenye ngazi, kando ya binti yake. Silantoi naye akavuta kigoda. Hakuwa na haraka, wala hakupandisha sauti.

"Sheria inasema miaka kumi na minane kwa gari," aliendelea. "Kabla ya hapo mtu hapewi hata leseni ya kujifunzia. Akimgonga mtu, utaitwa wewe uliyempa funguo. Na kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa, kwa sababu aliyeendesha hana leseni. Lakini achana na hayo kwanza. Mtu akishaumia, hakuna karatasi inayomrudisha."

Hanna aliinua kichwa. "Lakini mwalimu, mimi najua. Nakata kona, napaki, nasimama vizuri."

"Najua kwamba unajua. Mtoto mwenye akili anajifunza gari kwa wiki mbili. Hicho ndicho kinachotudanganya sisi wazazi. Mikono na miguu hujifunza haraka. Kinachochelewa ni utulivu. Jambo likitokea ghafla, kichwa kibaki mahali pake. Utulivu huo huja na umri, na huja na mazoezi na mwalimu. Jana ulishtuka, mguu ukakanyaga kilichokuwa karibu. Sio kwamba wewe ni mjinga. Ni kwamba una miaka kumi na mitano."

Hanna alilia. Alikuwa ameibeba ile ndoto miaka mingi. Sasa aliiona inachukuliwa mchana kweupe, na anayeichukua anasema kweli.

"Kwa hiyo nikae tu miaka mitatu?" aliuliza.

"Nani amesema ukae tu? Macho hayasubiri leseni. Kaa mbele, kushoto kwa baba, funga mkanda. Kila safari, mwambie unachokiona kabla yeye hajakiona. Alama ya barabarani. Bodaboda anayetaka kukata mbele yenu. Mtoto aliye pembeni. Jifunze kukagua tairi, maji na oili. Ukitimiza kumi na minane njoo chuoni. Utakuwa umebakiza kufundisha mikono na miguu tu."

Jumamosi iliyofuata Bariki alipanda mlimani na mbao. Alitengeneza kichanja kipya. Frederick alikuja kumsaidia, na hapo Bariki akamwambia kwamba Hanna hataendesha siku ya kipaimara.

Frederick aliweka nyundo chini. "Unataka kuivunja desturi ya mzee?"

"Siivunji. Naisogeza mbele miaka mitatu."

"Watu watatucheka."

"Wacheke," Bariki alisema. "Kaka, mama alikuwa amesimama hapa. Hapa hapa tuliposimama."

Frederick aliokota nyundo, akaendelea kupigilia misumari. Lakini hasira haikumtoka, na alipoaga hakunywa hata chai.

Hanna naye alibadilika. Mwanzoni alikaa kushoto kwa baba yake amenuna. Halafu, siku baada ya siku, barabara ilianza kumfungukia. "Baba, kuna bodaboda nyuma ya lile lori." "Baba, yule mama anataka kuvuka." Njia ya kwenda Daraja Mbili, aliyoipita maisha yake yote, ilikuwa mpya kabisa. Kila mtu barabarani alikuwa anawaza jambo lake, na Hanna alijaribu kulisoma kabla halijatokea. Aliota bado. Ila sasa aliota macho yakiwa wazi.

Novemba ikafika. Hanna alivaa gauni jeupe. Kanisani alijibu maswali ya mchungaji bila kukosea hata moja, na mama yake akapangusa machozi hadharani. Nje, jamaa walisubiri kando ya Noah iliyopambwa kwa maputo. Wote walimtazama Hanna. Hanna akafungua mlango wa kushoto, akaketi, akafunga mkanda. Aliona aibu, tena sana. Bibi, Mama, Baba mkubwa Frederick na wengine walipanda nyuma, kila mtu na kiti chake. Frederick alikunja uso.

Njia ya mlimani ilikuwa na ukungu. Nyuma waliimba. Bariki aliendesha polepole, furaha imemjaa. Bibi alipoanzisha wimbo mwingine, Bariki alicheka, akamtazama kwenye kioo cha juu.

Mara moja tu.

Hanna aliona kitu chini ya majani ya mgomba. Miguu miwili midogo, peku, iliyokuwa inakimbia.

"Baba, mtoto! Kushoto!"

Bariki alikanyaga breki. Gari lilisimama. Mtoto wa miaka mitatu hivi alitokea kwenye migomba, akapita mbele ya bampa akiyatazama maputo, akasimama katikati ya njia akitabasamu. Kati yake na gari palikuwa na hatua moja. Nyuma yake mama yake alitokea mbio, kanga mkononi, akamnyanyua na kumkumbatia.

Wimbo ulikuwa umekatika. Bariki alimgeukia binti yake.

"Ningekuwa nimekaa upande wako," alisema, "na wewe upande wangu..." Akamtazama mtoto mikononi mwa mama yake.

Bibi alinyoosha mkono kutoka nyuma, akaushika wa Hanna. Hakuuachia mpaka walipofika.

Uani wageni walikuwa wengi. Mbuzi alikuwa tayari, ndizi zinachemka, keki iko mezani. Mzee mmoja aliisogelea Noah, akauliza kwa sauti, "Haya, Frederick! Binti ameendesha? Au mwaka huu hakuna desturi?"

Frederick alishuka wa mwisho. Alisimama kidogo akiwa ameshika mlango. Uso wake haukuwa na hasira tena.

"Gari ameendesha Bariki," alisema, na watu wote wakasikia. "Aliyetufikisha ni Hanna."

Kisha akamtafuta mwanawe, Calvin, katikati ya watoto waliokuwa wakizunguka keki, akamwita mbele ya wageni.

"Mwakani ni zamu yako ya kipaimara," alimwambia. "Utakaa kushoto. Anza leo kumuuliza dada yako namna ya kutazama."