Neno Alilolitunga Chiriku

Kila jioni mambo yalikuwa yale yale. Mama alirudi kutoka kwa dobi, alikoshinda akipiga pasi, akala, kisha akavaa spika za masikioni na kufungua kompyuta. Alikuwa akisoma chuo kikuu kwa njia ya masafa, na somo lake lilikuwa lugha zinazokaribia kufa. Binti yake wa miaka kumi na miwili, aliyebandikwa jina la Chiriku kwa kupenda kwake maneno, alibaki kuongea na sahani alizoosha. Upweke ulimwuma.

Mojawapo ya lugha hizo ilikuwa humo humo nyumbani, mdomoni mwa bibi, mama wa marehemu baba yake Chiriku. Wote aliokuwa akizungumza nao lugha hiyo walikwisha kufa, basi bibi alishinda kimya chumbani. Mama akampa Chiriku kazi: akitoka shule akae na bibi, ajifunze neno moja, jioni aje nalo.

Siku moja alimkuta bibi amelala. Jioni mama alipouliza, Chiriku akajibu bila kupepesa macho:

"Bibi kasema *selume*. Eti ni mama na mtoto kukaa pamoja bila haraka."

Mama akazivua spika. Akamvuta karibu, akamuuliza hili na lile, wakacheka mpaka chai ikapoa. Tangu masomo yale yaanze, Chiriku hakuwa amepata raha kama hiyo.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Jumamosi, mama akiwa ameziacha spika mezani, mhadhiri wake alilisifu neno lile alilotumiwa na mama, mbele ya wanafunzi wote kwenye kompyuta, akasema litaingia kwenye kamusi. Chiriku alisikia akiwa mlangoni. Akinyamaza, uongo utaandikwa kitabuni. Akisema, mama ataaibika, na pengine hatamvuta karibu tena.

"Mama, neno lile nililitunga mimi."

Mama akamgeukia mhadhiri, akaomba radhi, akasema neno lifutwe. Akaizima kompyuta.

"Mwanangu, ukikosea Kiswahili, wa kukusahihisha wamejaa tele. Lugha hii amebaki nayo bibi peke yake. Siku akituacha, uongo wako ungekuwa ndio ukweli, na asingekuwepo wa kuukanusha."

"Nilitaka ukae na mimi," Chiriku akasema huku akilia.

"Ungeniambia hivyo hivyo. Maneno ya kusema hilo tunayo, hayana haja ya kutungwa. Nami sikupaswa kuziba masikio kwa spika kila siku."

Wakaenda wote wawili chumbani kwa bibi. Mama akamsalimu kwa lugha yake, akakosea. Bibi akamsahihisha taratibu, kisha akasogea kitandani ili wapate pa kukaa.