Mikono ya Bi Tabasamu

Kila siku baada ya masomo, msichana aliyeitwa Chiriku alipitia kituo cha kulea watoto kumchukua mdogo wake. Jina hilo alibandikwa na wenzake darasani, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

Siku moja alifika mapema kidogo. Akiwa mlangoni, alimwona mlezi, mama mcheshi ambaye wazazi walimwita Bi Tabasamu, akimbadilisha mtoto nepi. Alipomaliza alijifuta mikono kwenye aproni, akamenya ndizi na kuwagawia watoto vipande kwa vidole vilevile. Mdogo wake Chiriku alipokea chake, akakitia kinywani.

Njia nzima Chiriku hakusema neno. Mwezi ule mdogo wake alikuwa ameharisha mara mbili, na mara ya pili alilazwa hospitalini. Lakini Bi Tabasamu ndiye aliyemshika mkono mtoto huyo mpaka akajua kutembea. Angemchongea vipi mtu kama huyo? Na kama angefukuzwa kazi?

Jioni, wakianua nguo, alijikaza akamweleza mama yake. Mama hakupandisha sauti. Alimwambia tu kwamba kesho wataongozana.

Asubuhi mama aliomba kuzungumza na mkuu wa kituo, na Bi Tabasamu akaitwa. Chiriku alieleza alichokiona, macho yake yakiwa sakafuni. Bi Tabasamu alibadilika uso. Kwanza alidai kwamba hunawa kila mara, kisha akashusha pumzi.

“Asemayo mtoto ni kweli,” alisema. “Bomba liko nyuma ya jengo, nami niko peke yangu na watoto kumi na mmoja. Nikitoka, nani atawaangalia? Nikaanza kujifuta tu, mwisho nikazoea.”

Mkuu wa kituo alikiri kwamba naye ana lawama. Kabla ya saa sita, ndoo yenye koki, beseni na sabuni viliwekwa kando ya meza ya kubadilishia nepi.

Siku kadhaa Bi Tabasamu hakumtania Chiriku, na jambo hilo lilimuuma. Ijumaa alimwita, mikono ikiwa imejaa povu.

“Nilikukasirikia, mwanangu, maana niliona aibu,” alisema. “Lakini upendo wangu kwa watoto hawa hauui vijidudu. Ukiona jambo linaloweza kumdhuru mtu, liseme kwa anayeweza kulirekebisha, hata kama mkosaji unampenda.”

Akasuuza mikono, akaikausha kwa taulo safi, ndipo akamnyanyua mtoto na kumkabidhi dada yake.