Pacha wa Kisanduku cha Angani

Kila asubuhi ya likizo, Maswali alifuatana na shangazi yake hadi maabara ya chuo. Jina hilo alipewa na shangazi huyo huyo, kwa kuwa tangu ajue kusema hakuchoka kuuliza. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa na kazi: kusoma kipimajoto cha kabati dogo la umeme la kutunzia joto mara tatu kwa siku na kuandika namba daftarini.

Ndani ya kabati mlikuwa na kisanduku kisichozidi kipande cha sabuni. Pacha wake alikuwa angani, katika maabara inayoizunguka dunia.

"Huko juu vitu vinaelea," shangazi alimweleza. "Fuwele za dawa, chembe ngumu kama za chumvi, hukua polepole bila kuzama, nasi tutaliona umbo lake vizuri."

Zamani nafasi za huko zilikuwa za vyuo vikubwa tu. Shangazi aliomba miaka sita, akakataliwa miaka sita, mpaka ulipoanzishwa mpango wa kuwagawia wanasayansi wa vyuo vidogo kisanduku kimoja kimoja. Vyote viwili, cha juu na cha chini, alivijaza na kuvifunga kwa mikono yake.

"Hiki cha huku kipate joto lile lile la kile," alisema. "Bila pacha wake, cha juu ni bubu. Hatutakuwa na cha kukilinganisha nacho."

Wiki ya tatu shangazi aliugua ghafla, akalazwa. Siku ya pili akafariki dunia.

Nyumba ilijaa watu. Baba yake Maswali, fundi cherehani, alikaa mbele ya cherehani yake bila kushona hata pindo. Kwa siku nne Maswali hakukanyaga maabara. Siku ya tano alikwenda, akakuta mistari kumi na miwili mitupu. Aliona kama amemwangusha marehemu. Akashika kalamu, akaijaza yote: ishirini na mbili, ishirini na mbili.

Fundi wa maabara alimkuta hapo. Walimwita Mzee Miwani, kwa sababu huvaa miwani machoni, nyingine kichwani, na bado huitafuta. Alilipitia daftari.

"Ulikuja huku hata wakati wa msiba, mwanangu? Shangazi yako angejivunia sana."

Sifa ile ilimchoma kuliko fimbo. Alirudi nyumbani, akamkuta baba yake kwenye cherehani.

"Baba," alisema, "nimeandika uongo kwenye daftari la shangazi."

Baba aliinuka. "Vaa viatu, twende."

Mzee Miwani alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akampigia simu mlinzi wa chuo kuuliza hali ya siku zile, naye akasema umeme ulikatika siku nzima wakati wa mazishi. Kabati lilikuwa limepata joto kali.

"Basi hiki kimeharibika," alisema. "Cha juu kitarudi na kumbukumbu za joto lake saa kwa saa. Nitachanganya dawa upya, tumjaze pacha mwingine, tumpitishe katika joto lile lile. Utafiti haujafa. Lakini hiki itabidi tukimwage."

Maswali alitazama mwandiko wa shangazi juu ya kifuniko. "Ndicho cha mwisho alichokifunga."

"Ndicho."

Walikifungua pamoja. Baba alishika kifuniko kwa vidole viwili, machozi yakimtoka, huku maji machafu yakiteremka kwenye sinki. Kisha Maswali alizikata namba zake, moja baada ya nyingine, na kando ya kila mstari akaandika: haikupimwa.

"Sikiliza, binti," Mzee Miwani alisema. "Kulia si kosa, na kutokuja kwa sababu ya msiba si kosa. Mstari mtupu ungetuambia kweli. Zile namba zingetufanya tuamini joto ambalo halikuwapo, na kesho daktari angempa mgonjwa dawa iliyojengwa juu ya uongo wetu. Njia ya mwongo ni fupi, ila wewe umegeuka kabla ya kufika mwisho wake. Mtu akikosa kupima, aandike kwamba hakupima. Huo ndio uaminifu, na ndio sayansi yenyewe."