Karai Chini ya Senyenge

Kila Jumamosi, kabla umande haujakauka, binti wa fundi wa matrekta alikuwa na kazi tatu: kufagia karakana, kupanga spana kwa ukubwa wake, na kubeba oili chafu. Mbili za kwanza alizipenda kwa sababu zilikuwa na mwisho. Ya tatu haikuwa nao, kwani matrekta ya mashamba yote ya jirani yaliletwa kwa baba yake, na kila moja liliacha nyuma yake karai zima la kitu cheusi kama lami, kizito, chenye harufu ya moshi na chuma.

Baba yake alimwita Chapuchapu. Yeye aliamini kuwa hiyo ni sifa.

Asubuhi hiyo nguzo kumi na mbili za mti zilikuwa zimelazwa kwenye nyasi, kando ya senyenge iliyotenganisha kiwanja chao na malisho ya baba mdogo. Kazi yake ilikuwa kupaka oili chafu ncha za nguzo, ile sehemu itakayofukiwa, ili mchwa wasizile. Babu alifanya hivyo, na baba wa babu naye angefanya hivyo kama angekuwa na injini. Kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kuuliza swali.

"Ncha tu," baba yake alimwambia, akiwa nusu mwili chini ya trekta. "Ikibaki, ipeleke kwenye pipa. Na ufunike. Usinimwagie ovyo."

"Sawa, baba."

"Sawa ya kweli au sawa ya kwenda kucheza?"

"Ya kweli, baba."

Pipa lilikuwa nyuma ya karakana, juu ya kilima kidogo, na mfuniko wake ulikandamizwa kwa jiwe ambalo lilihitaji mikono yote miwili. Alipomaliza nguzo ya kumi na mbili, karai lilikuwa na oili karibu nusu. Wakati huohuo wenzake walikuwa wamekwisha kufunga kamba ya kuruka barabarani na walikuwa wakimwita. Alilisukuma karai chini ya waya wa mwisho wa senyenge ili mtu asilikanyage, akajiahidi kurudi.

Alirudi jua likiwa utosini. Karai lilikuwa tupu. Halikuwa limepinduka, na udongo uliolizunguka ulikuwa mkavu kabisa. Ndani liling'aa kama sahani iliyooshwa na mtu mwenye bidii. Upande wa pili wa senyenge ndama watatu wa baba mdogo walikuwa wamelala kivulini wakicheua. Mtoto mwenye nafasi angejiuliza oili imekwenda wapi. Chapuchapu alishukuru kwamba kazi imejimaliza yenyewe.

"Iliyobaki umeitia kwenye pipa?" baba yake aliuliza wakati wa chakula.

"Nimeitia."

"Na jiwe?"

"Nimelirudisha."

Ulikuwa uongo mdogo, wa aina inayosemwa kila siku katika nyumba nzuri, na ungeweza kusahauliwa kabla ya sahani kuondolewa mezani.

Jumatatu asubuhi, shule zikiwa zimefungwa, kelele zilitoka upande wa baba mdogo. Binti alipita chini ya senyenge akakimbia. Ndama mmoja alikuwa amekufa tangu alfajiri, miguu imenyooka kama ya meza iliyopinduliwa. Wa pili alikuwa akizunguka zizini kwa kasi, macho yamefunguka lakini hayaoni kitu, meno yakisagana kwa sauti ambayo mtu angeisikia kutoka barabarani. Aliupiga ukuta kwa paji la uso. Akarudi nyuma, akaupiga tena. Damu ilimtiririka puani ikachanganyika na povu. Mara ya tatu aligonga nguzo ya mlango, akaanguka ubavu, akarusha mateke hewani muda mrefu kuliko ambavyo mtu angependa kutazama, kisha akaacha. Wa tatu alikuwa amesimama pembeni, kichwa amekikandamiza ukutani kama anayejaribu kuusukuma.

Chapuchapu alitazama mdomo wa ndama aliyekufa. Midomo ilikuwa myeusi. Ulimi uliochomoza kati ya meno ulikuwa mweusi pia, na uling'aa.

Alielewa papo hapo. Baadaye wapo waliomtetea kwa kusema kuwa ni mtoto, hakujua. Alijua. Aliliona karai, akauona udongo mkavu, akausikia mdomo wake mwenyewe ukisema *nimeitia*. Akaufunga mdomo huohuo, akarudi nyuma hatua mbili.

"Wamekula nini?" baba mdogo aliuliza. Alikuwa mtu mrefu, mfugaji mwenye mikono mipana, na sauti yake ilikuwa ya chini mno. "Nauliza kwa mara ya mwisho. Wamekula nini?"

"Pumba mpya, baba," alijibu mwanawe mkubwa. "Zile za Ijumaa."

"Za Magunia?"

"Za Magunia. Na mlitukanana juu ya lile gunia lililolowa. Alisema utamkumbuka."

Magunia alikuwa muuza pumba, mtu mwembamba anayezunguka na baiskeli iliyobeba mzigo mkubwa kuliko yeye. Kweli alisema maneno hayo, na maana yake ilikuwa kwamba hakuna muuzaji mwingine atakayekubali kuwabadilishia gunia bure. Ili kulithibitisha neno lake, alichagua saa hiyohiyo kuingia langoni na gunia kavu nyuma ya baiskeli.

"Hamjambo hapa," alisema. "Mkubwa, nimekuletea lile la kubadili, usije ukaninunia mwaka mzima."

Mwana mkubwa aliipiga baiskeli teke. Gunia lilipasuka, pumba zikamwagika. Magunia aliinama kuliokota gunia, na fimbo ya kwanza ikamkuta mgongoni akiwa ameinama.

Mapigo hayakuwa na mpangilio. Mwana mdogo alimpiga miguuni, mkubwa mabegani, na watu wanne waliokuja kutoka barabarani, wasio na ndama wala habari yoyote, walipiga palipobaki nafasi. "Mchawi wa pumba," mmoja alisema, akacheka, akampiga tena. Magunia alijikinga kichwa kwa mikono mpaka mkono mmoja ukakataa kuinuka.

"Nimefanya nini?" aliuliza. "Niambieni kwanza, halafu mniue."

"Kula," baba mdogo alisema, akiyaelekeza macho kwenye pumba zilizomwagika. "Kama ni safi, kula."

Magunia alichota konzi akala. Pumba zilimganda kwenye damu ya midomo. Akachota nyingine, akatafuna, akameza kwa shida.

"Haya, nimekula," alisema. "Nipeni na maji, nimalizie gunia."

Ngumi iliyofuata ilimng'oa jino.

Fundi alikuwa amefika mbio na spana mkononi, kwa kuwa alisahau kuiweka chini. Aliingia katikati yao akasema, "Mdogo wangu, daktari wa mifugo ameitwa. Msubiri daktari." Vijana walimsukuma nje ya duara kama anayeziba njia. Hapo baba mdogo aliingia bandani akatoka na rungu, lile la kupigilia vigingi vya kufungia ng'ombe. Hakuwa na haraka. Aliyeona jinsi alivyolishika alijua kwamba pigo moja lingetosha.

Chapuchapu alikuwa bado amesimama hatua mbili nyuma. Alikuwa ameona kila pigo, na baada ya kila moja alijiambia kwamba sasa wataacha. Rungu lilipoinuka aligundua kwamba hawataacha. Alipenya kati ya miguu ya watu, akaanguka juu ya kifua cha Magunia.

"Baba mdogo, si pumba. Ni oili. Mimi niliiacha chini ya senyenge."

"Ondoka hapo, mtoto."

"Walikunywa oili chafu. Karai zima. Nilimdanganya baba kwamba nimeitia kwenye pipa."

"Mwondoeni."

Mkono ulimshika kwapani. Alijinasua, akamkimbilia ndama aliyekufa, akaingiza vidole kati ya taya ngumu, akaufuta ulimi kwa pindo la gauni lake. Pindo lilitoka jeusi. Alilinyoosha mbele ya baba yake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu, na kwa sababu yeye ndiye aliyestahili kuliona kwanza.

Fundi alilinusa. Mtu aliyeishi na harufu moja miaka ishirini hahitaji kunusa mara mbili.

"Hii ya injini," alisema. "Hii imetoka kwangu, mdogo wangu. Kama ni kupiga, hapa ndipo pa kupiga."

Baba mdogo alilichukua neno lake kama lilivyo. Rungu lilishuka, fundi akainua mkono, na mfupa wa chini ya kiwiko ukatoa mlio mfupi. Ndugu wawili walitazamana, mmoja ameshika rungu na mwingine ameshika mkono wake, na ilikuwa vigumu kujua ni yupi kati yao aliyeogopa zaidi.

Pikipiki iliingia wakati huo. Daktari wa mifugo, mwanamke mfupi mwenye mabuti ya mpira, alizima injini, akamtazama mtu aliye chini, mkono uliovunjika, ndama wawili waliokufa, na wa tatu aliyekuwa bado anausukuma ukuta.

"Wanaotaka kuendelea kupigana waendelee kule nyuma," alisema. "Mimi nahitaji wanne wa kumshika huyu aliye hai. Wewe mwenye rungu, shika kichwa. Na mtu mmoja ampeleke huyu bwana na fundi hospitali, kwa sababu mimi sitibu watu."

Walimshika ndama. Alinyweshwa dawa kwa mpira, akadungwa sindano mbili. Kisha daktari alimpasua tumbo mmoja wa waliokufa, na kioevu cheusi kikamwagika kwenye majani, kikafanya utando wa mafuta wenye rangirangi juu ya damu. Vijana wa baba mdogo walitazama, halafu wakazitazama fimbo zao. Mkubwa aliiweka yake chini polepole, kama anayetumaini kuwa haijaonekana.

Ndama wa tatu aliishi, ingawa jicho lake la kushoto halikuona tena. Siku tatu baadaye daktari alirudi kumtazama, akapita na kwa fundi, ambaye mkono wake ulikuwa katika plasta. Akamkuta binti akichimba kwa jembe udongo mweusi uliolowa oili na kuujaza katika magunia.

"Baba yetu alipaka nguzo oili maisha yake yote," fundi alisema, si kwa ubishi mkubwa.

"Na ng'ombe wake walikuwa wakifa kwa nini?"

"Ugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

"Haukujulikana."

Fundi alilisikia jibu lake mwenyewe, akainamisha kichwa.

"Ng'ombe huiramba kama anavyoramba chumvi," daktari alisema. "Ndani yake mna vumbi la vyuma vya injini, mara nyingi na madini ya risasi, na madini hayo hushambulia ubongo. Ukiimwaga chini, mvua huipeleka kisimani. Ukiichoma, unaivuta wewe na watoto. Pipa lenye mfuniko, chini ya paa, mbali na mifugo, kisha mjini kwa wanaoikusanya kuisafisha. Nguzo zisimikwe kwenye zege. Mchwa hawajawahi kula zege."

Nguzo kumi na mbili zilikatwa ncha. Pipa lilipelekwa mjini kwa trekta, na mengine matatu ambayo fundi alikuwa ameyasahau nyuma ya choo. Aliyeyafunga kamba moja moja, bila kuitwa na mtu barabarani, alikuwa Chapuchapu.

Ilibaki safari ambayo hakuna aliyeitamani. Ndugu wawili, vijana wawili na binti walikwenda nyumbani kwa Magunia, wakimvuta ng'ombe mmoja mzuri wa baba mdogo, mtamba ambaye hajazaa bado. Magunia alikuwa ameketi mlangoni, mkono umefungwa kifuani, jicho limevimba. Hakusimama kuwapokea.

Baba mdogo alisema alilokuja kusema. Alilisema vibaya, kwa kurudiarudia, kwa kuwa hakuwa na mazoezi. Alisema amempiga mtu asiye na kosa, mbele ya watu, na ataurudia msamaha huu mbele ya watu walewale.

"Mtamba nampokea," Magunia alijibu. "Msamaha nitaufikiria. Yule binti yuko wapi?"

Chapuchapu alisogea mbele, akapiga magoti.

"Shikamoo."

"Marahaba. Ulijua tangu saa ngapi?"

"Tangu nilipouona mdomo wa ndama."

"Kabla sijaingia langoni?"

"Kabla."

Magunia alimtazama binti kwa jicho lake moja zima, bila hasira.

"Watu wamekusifu kwamba umeniokoa," alisema. "Ni kweli, na nimeshukuru. Wengi wangenyamaza mpaka nizikwe, halafu wangekuja kulia. Lakini nimelala hapa siku zote hizi nikihesabu. Kutoka mdomo wa ndama mpaka rungu, nimevunjwa mkono, nimeng'olewa jino, nimekula pumba kama ng'ombe mbele ya watu wanaonijua. Muda huo wote ukweli ulikuwa nao wewe, hatua mbili tu nyuma."

"Niliogopa."

"Najua. Na utaogopa tena, mambo hayaishi." Alinyoosha mkono mzima, akamwinua. "Siku hiyo ikifika, mwanangu, uogope na useme hivyohivyo. Ila useme mtu akiwa bado amesimama."