Neno Lililokuwa Kwenye Pazia Jekundu

Uvumi ule ulinifuata mpaka dukani. "Yule dobi hafui, anachovya tu," mwanamke mmoja alimwambia mwenzake, na mimi niko nyuma yao nimeshika sabuni. "Sare za nesi kazirudisha pinki!" Wakacheka. Niliirudisha sabuni mahali pake nikatoka, uso unaniwaka. Wateja walikata mguu, kamba zangu za kuanikia zikabaki tupu.

Na ilikuwa kweli. Sare nyeupe za nesi zilikuwa zimegeuka pinki. Nilizifua pamoja na mapazia mapya mekundu ya nyumba ya wageni. Mapazia yalikuwa na lebo ya Kiingereza, nami niliishia shule ya msingi, kwa hiyo nilimpa binti yangu asome. Yuko darasa la sita, wenzake wanamwita Profesa.

"Wash separately," alisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

"Ndiyo nini hiyo, mwanangu?"

"Ah, mama nawe! Yaani ufue taratibu, usisugue sana."

Nikafua taratibu, vyote katika beseni moja.

Nesi alipokuja, alizinyanyua sare zake, akazitazama. Kisha akaniuliza, "Mama Profesa, kesho nitavaa nini wodini?"

Sikujua pa kuweka macho. Binti yangu akadakia kutoka mlangoni, "Labda ni sabuni mbaya."

Tangu hapo akawa anakula kidogo, analala amegeukia ukuta. Nilidhani ni homa. Jioni moja alitoka shule akasimama mbele ya beseni langu kavu, akaanza kulia.

"Mama, si sabuni. Leo nimemuuliza mwalimu. Maana yake ni mbalimbali, kila kitu peke yake. Amesema mwenye duka akikufungia sabuni mbali na mkate, ndiyo separately hiyo. Mimi sikulijua lile neno. Niliona haya kusema sijui, na mimi ndiye Profesa."

Nilitaka kufoka, lakini nikamfuta machozi. Nikamwambia, "Vaa viatu. Twende kwa nesi."

Njiani alinishika mkono kama mtoto wa chekechea. Nesi alikuwa kibarazani na majirani, amevaa sare ya kuazima iliyombana mabega. Mmoja wa majirani alikuwa yule mwanamke wa dukani. Binti yangu alieleza yote mbele yao, akitazama vidole vyake vya miguu.

Nesi alishusha pumzi. "Mwanangu, daktari akiandika neno nisilolijua, narudi kumuuliza. Wengine hunicheka. Acha wacheke! Nikibahatisha, mgonjwa ataumia. Wewe umebahatisha, aliyeumia ni mama yako."

Binti yangu alizibeba zile sare, akazifua mwenyewe kwa dawa ya madoa, tena na tena, mpaka weupe ukarudi. Hazikupita siku nyingi, yule mwanamke wa dukani akaja na mashuka yake.

"Haya, Profesa, na haya separately, eh?"

Binti yangu aliinamisha kichwa. Lakini aliyapokea.

Nyinyi mnaosoma, epukeni haya:

Kumfasiria mtu neno msilolijua.

Kufua nguo mpya ya rangi pamoja na nyeupe.

Kusingizia sabuni.

Kunyamaza wakati mama anabeba lawama yenu.