Pumzi Ndani ya Feni

Cheka kwanza, umalize. Najua unachofikiri: bibi kizee wa darasa la saba ataniambia nini kuhusu kompyuta? Hukuwepo. Mkono uliokuwa pale ni wangu, si wako. Basi funga huo mdomo unisikilize, na usiniulize nilikunywa nini, maana nilikunywa maji ya bomba kama wewe.

Jioni ile mjukuu wangu alirudi kazini amenuna. Tunaishi wawili, mama yake nilimzika mwenyewe, na huyu ndiye niliyebaki naye. Kompyuta mpakato aliyopewa ofisini ilikuwa inachemka kama pasi na kujizima katikati ya kazi.

"Ni vumbi tu kwenye feni, Bibi. Naifungua mwenyewe. Nimeangalia video."

"Cherehani yangu nayo uliifungua mwenyewe. Skrubu moja naitafuta mpaka leo."

"Nilikuwa mtoto."

"Na sasa umekuwa nini?"

Akacheka. Akanituma dukani nikamletee vijiti vya meno na brashi ndogo ya rangi. Niliporudi giza lilikuwa linaingia, naye amewasha taa ya mezani.

Kazi aliifanya vizuri, sitamnyima haki yake. Aliigeuza ile kompyuta tumbo juu, akafungua skrubu kwa bisibisi nyembamba, akazipanga kwenye sahani kama zilivyotoka. Akabandua kifuniko kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Akaitoa betri nzima, akaiweka pembeni.

"Sasa haina umeme hata chembe. Ukitaka, weka mkono."

Nikainama kutazama. Feni yenyewe ndogo, ingeenea kwenye kiganja. Vumbi lilikuwa limegandamana kwenye mapanga yake kama pamba ya godoro kuukuu.

Na harufu...

Haikuwa ya vumbi. Nimeuguza watu mimi. Ile ilikuwa harufu ya mdomo wa mgonjwa aliyelala siku nyingi, dirisha limefungwa.

Mjukuu wangu akapitisha brashi. Vumbi halikutoka. Akainama, akavimbisha mashavu, akapuliza kwa mdomo.

Feni ikazunguka.

Hilo la kawaida. Chochote chenye mapanga ukikipuliza kitazunguka, kisha kitasimama. Hii haikusimama. Fuu... ikatulia. Fuu... ikatulia.

"Bibi," akanong'ona. "Betri iko wapi?"

"Pale ulipoiweka."

"Basi ni upepo."

Dirisha lilikuwa limefungwa. Sote tuliliona.

Kwenye video walisema mapanga yashikwe kwa kijiti wakati wa kusafisha, yasizunguke ovyo yakaharibika. Akaniambia niishike amalizie. Nikachukua kijiti cha meno, nikakichomeka katikati ya mapanga.

Feni ikasimama.

Mjukuu wangu akaacha kupumua.

Hakukohoa. Hakupaliwa. Alikaa tu, mdomo wazi, brashi mkononi, kifua kimetulia kama cha mtu wa kwenye picha. Nilidhani vumbi limemwingia kooni, nikampiga mgongoni kwa mkono wa kushoto. Wa kulia bado umeshika kijiti. Macho yake ndiyo yaliyonizindua. Hayakuniangalia usoni. Yaliangalia mkono wangu.

Nikavuta kijiti.

Fuu... Naye akavuta hewa kama mtu aliyetolewa kisimani.

Tukabaki tunatazama. Kifua chake kinapanda, feni inazunguka. Kinashuka, inatulia. Nikamwambia azuie pumzi. Akazuia, akabana na pua kabisa. Feni ikazunguka, na kifua chake kikapanda bila ruhusa yake.

Akaanza kulia kimyakimya. "Usiiguse tena, Bibi."

Nani aiguse? Lakini kijiti kilikuwa kimevunjika, ncha imebaki ndani. Nikaisikia.

Krr... krr...

Feni ikaanza kulegea. Midomo ya mtoto ikabadilika rangi. Nikajaribu kuichomoa ile ncha kwa ukucha, ikazama zaidi. Nikashika sindano, lakini kwa macho yangu haya nikawa nachoma pembeni.

Krr...

Kisha kimya. Akaniangukia begani, mzito kama gunia.

Sikufikiri. Nimeshona nguo za watu maisha yangu yote, na uzi ukinasa chini ya bamba la cherehani mahali pasipofika kidole, fundi hupuliza. Midomo yangu imezoea. Nikainama, nikapuliza kwa nguvu zote nilizokuwa nazo.

Ncha ikaruka, ikagonga sahani. Mjukuu wangu akakohoa, akavuta hewa. Ya kwake mwenyewe safari hii.

Na mimi nikahisi kitu kinanivuta ndani ya kifua, taratibu, kama unavyotoa uzi kwenye pindo. Feni ikaanza tena. Polepole. Mwendo wa kizee, na mwishoni kile kifilimbi kinachonisumbua wakati wa baridi.

Sikuhitaji kuzuia pumzi ili nijue.

"Hii ilikuwa ya nani kabla yako?" nikamuuliza.

"Ya Mzee Taratibu."

Ndivyo walivyomwita mhasibu wa zamani pale ofisini, kwa sababu alikuwa anasema maneno mawili anapumzika, mawili anapumzika. Mgonjwa wa kifua, wakampumzisha nyumbani, kompyuta yake akaikabidhi kwa mjukuu wangu.

"Ndiye aliyeniambia ikichemka nisiipeleke kwa fundi," akasema. "Niifungue mwenyewe, niipulize kwa mdomo. Alinifundisha na jinsi ya kuinama."

Akampigia simu, akafungua spika. Ikapokelewa papo hapo.

"Mwanangu, jioni hii nimeamka nikala sahani nzima, nimepanda ngazi nikashuka, nimemwita mke wangu kwa sauti akaja mbio akidhani nyumba ina mgeni..."

Maneno yalimtoka mfululizo, bila kituo. Mjukuu wangu akanitazama. Kisha yule mtu akaishusha sauti.

"Kapuliza nani?"

"Mimi," nikasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulimpa mtoto wangu kitu hiki ukijua kilivyo."

"Hata mimi nilipewa. Isijae vumbi. Isizuiwe. Ukichoka... mpe mtu."

"Na aliyekupa wewe alikitoa wapi?"

"Nina watoto, mama," akasema, na simu ikakatika.

Tukakaa. Fuu... na kifilimbi. Fuu... Mjukuu wangu alifuta machozi kwa kanga yangu, akajisogeza karibu.

"Tumpe mtu basi, Bibi."

"Nani? Mtaje."

"Yule dada wa mapokezi. Si ndiye anayenisema?"

Hakufikiri hata kidogo. Niliogopa mengi jioni ile, lakini hapo ndipo nywele ziliponisimama. Huyu ni mtoto anayembeba buibui kwa karatasi akamtoe nje, asimkanyage.

"Nitamwambia anisaidie kuisafisha," akaendelea kunong'ona, mkono wake juu ya goti langu. "Anapenda kuombwaombwa yule. Atapuliza mara moja tu. Wewe hutakuwa hata karibu, hutamwona."

"Ana mama yake, huyo?"

"Sijui." Akanikazia macho. "Mimi nina wewe tu."

Nikakirudisha kifuniko mwenyewe. Nikafunga skrubu moja moja kutoka kwenye sahani, bila kukaza sana. Nikaifunika kompyuta kwa kitambaa chepesi kisichotoa nyuzi, nikaipeleka chumbani kwangu, nikapanda juu ya kiti na kuiweka juu ya kabati. Kule juu ikawa inahema, na mimi huku chini nahema nayo.

Niliposhuka, mjukuu wangu alikuwa amesimama kwenye korido, nje ya chumba. Alikuwa anaangalia juu ya kabati. Alikuwa anapima urefu.

"Bibi," akasema kwa upole kabisa, "ufunguo wa chumba hiki utakuwa unauweka wapi?"

Nikatoka, nikafunga mlango, na ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga yangu.