Ng'ombe wa Verlyn Wapiga Kura

Verlyn Tveit aliamka kabla ya jua, akavaa buti zake, akaenda hadi mlangoni. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba ng'ombe hawapo. Aliwauza wote majani yalipopukutika. Akavua buti, akarudi jikoni.

Hivyo ndivyo siku zake zilivyoanza majira yale ya baridi, huko Minnesota. Na baridi ya mwaka ule, msikilizaji, usiombe. Maneno yalikuwa yakiganda hewani. Mtu akikusalimu njiani, ilibidi uiokote salamu yake, uende nayo nyumbani, uiweke karibu na jiko ndipo uisikie. Verlyn hakuwa na salamu nyingi za kuyeyusha. Mkewe, Ardis, alikuwa amefariki. Binti yake wa pekee, Maren, alikuwa chuoni, mji wa mbali, akicheza mpira wa kikapu. Zamani alipiga simu kila Jumapili. Sasa Jumapili zilikuja na kupita, simu kimya.

Verlyn alimimina kahawa, akawasha simu, akaanza kazi. Kwenye simu kulikuwa na ukurasa ulioandikwa hivi: "Mpigie kura mchezaji bora wa vyuo!" Kila anuani ya barua pepe iliruhusiwa kura moja kwa siku. Kwa hiyo Verlyn alikuwa amewafungulia anuani ng'ombe wake wote, wale aliowauza. Clarabelle alikuwa na yake. Dotty alikuwa na yake. Hata Gus, fahali mkorofi aliyewahi kumvunja mbavu, sasa alimpigia Maren kura kila asubuhi bila kumpiga mtu teke.

Asubuhi hiyo mlango uligongwa. Alikuwa jirani yake, Lavonne Aakre, kabeba bakuli la nyama na viazi vilivyookwa. Lavonne aliandika habari za michezo gazetini maisha yake yote, hadi alipostaafu.

"Nimepika kingi, kisije kikaharibika," alisema. Huko watu hawasemi wamekuletea chakula kwa kukuonea huruma.

"Usingejisumbua."

"Nimeshajisumbua. Nionyeshe pa kuweka."

Aliweka bakuli mezani, kando ya simu. Simu ikalia, ujumbe umeingia. Lavonne akaitupia jicho, akasoma kwa sauti: "Asante, Bi Clarabelle Tveit. Kura yako imepokelewa." Akavua miwani. "Verlyn. Clarabelle si yule ng'ombe mwenye baka jeupe?"

Verlyn akawa mwekundu hadi masikioni.

"Mzee mzima unawapigisha kura ng'ombe!"

"Wanamtaka Maren awe kwenye timu bora ya taifa," alisema Verlyn.

Lavonne alicheka hadi akashika kiti. Kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Akaketi.

"Hebu niambie kuna nini, jirani."

Verlyn aliizungusha kahawa kikombeni. "Kuna mwandishi wa mjini alinipigia baada ya Krismasi. Aliniuliza Maren ni mchezaji wa namna gani. Nikamwambia, 'Aa, si mbaya.'"

"Ukamwambia si mbaya."

"Ningesema nini zaidi?"

Lavonne alielewa. Huko kwao hiyo ndiyo sifa ya juu kabisa. Ukimpeleka mtu wa kwao peponi, ukamuuliza paonekanaje, atakujibu si pabaya.

"Akayaandika gazetini hivyohivyo," aliendelea Verlyn. "Baadaye nikasikia ni mmoja wa wale wanaochagua timu ya taifa. Nimemharibia mtoto, Lavonne. Ndiyo maana hapigi simu. Nikasema angalau nimtafutie kura."

"Sasa nisikilize. Mimi nilikuwa mmoja wa wanaopiga kura za timu ya taifa. Ukurasa huu ni wa mashabiki tu, wa kujifurahisha. Hauhesabiwi popote kwenye timu ya taifa."

"Hata ya Gus?"

"Hata ya Gus. Timu hiyo ya taifa haichezi mechi; ni orodha ya heshima ya wachezaji bora wa vyuo nchi nzima, na huchaguliwa na watu maalumu. Kuna jopo la waandishi wa michezo kutoka kila pembe ya nchi. Kila mmoja anataja timu tatu, wachezaji watano watano. Ukitajwa timu ya kwanza unapata pointi nyingi. Ya pili, pungufu. Ya tatu, chache. Zote zinajumlishwa. Makocha nao wana uchaguzi wao, na makundi mengine yana wao. Kwa hiyo mchezaji anaweza kuwa timu ya kwanza huku, na kule asionekane kabisa."

"Wanaangalia vikapu alivyofunga tu?"

"Angeshinda mchoyo wa pasi kila mwaka! Wanaangalia anavyokaba, anavyotoa pasi, anavyogombea mpira ukigonga chuma cha kikapu. Alicheza na timu ngumu au dhaifu? Timu yake inashinda? Chuo kidogo kina taabu, maana hakionekani sana kwenye televisheni. Basi chuo chenyewe huwatumia wapiga kura picha za mechi na takwimu. Hiyo kazi ni yao, si yako wala ya ng'ombe."

"Na yule mwandishi?"

"Anampigia kura Maren kwa anavyocheza uwanjani, si kwa maneno ya baba yake kwenye simu. Neno lako halijapunguza pointi hata moja."

Verlyn alishusha pumzi. Kisha akauliza polepole, "Basi mbona hapigi simu?"

Lavonne akavaa tena miwani. "Umeenda kumwona akicheza mwaka huu?"

"Ardis ndiye aliyekuwa akishangilia. Mimi nilikuwa dereva."

"Basi mtoto hana mama wa kumshangilia, baba haji, halafu anafungua gazeti anakuta 'si mbaya.' Anajua maana yake, ndiyo, amezaliwa hapa. Lakini nawe, Verlyn! Kuna siku mtu anataka kuambiwa kwa lugha ya watu."

Jumamosi Verlyn aliendesha gari kwenye theluji hadi chuoni. Alikaa juu kabisa, kona ya uwanja, koti mwilini. Watu walisimama na kupiga kelele kila upande wake, naye hakujua mikono aiweke wapi. Maren aliiba mpira, akakimbia, akamwangalia mwenzake wa kulia huku pasi akiitoa kushoto. Verlyn akajikuta amesimama. "Huyo!" alipiga ukelele. "Huyo ni wangu!" Waliokuwa mbele yake waligeuka wote.

Mechi ilipokwisha, Maren alipanda ngazi hadi kwake, jasho likimtiririka.

"Baba? Kuna mtu amekufa?"

"Hakuna. Nimekuja kukuangalia." Akasogea kumpisha akae. "Ile pasi ya kushoto. Unacheza vizuri sana, Maren. Sijawahi kuona mtu anacheza vizuri hivyo. Nilipaswa kumwambia yule mwandishi hivyo, na wewe nikuambie kwanza."

Maren alimtazama. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Nilidhani unanionea aibu," alisema Maren, akaketi karibu naye. Walikaa hapo mpaka wafagiaji walipofika safu yao.

Machi majina yalitangazwa. Waandishi walimweka Maren timu ya tatu. Makocha hawakumweka. Mgahawani, ambako wazee hurusha dadu kujua nani atalipia kahawa, mmoja alisema makocha wamemwibia.

"Hawajamwibia," alisema Verlyn. "Hilo ni jopo jingine, na kura zao ni zao. Kaa nikueleze." Akaeleza yote, pointi na majopo, kahawa ikapoa. Waliokuwa wakimpigia Maren kura kwenye ukurasa wa mashabiki wakaacha kuhangaika nao bure.

Jumapili simu ililia.

"Umesikia, baba?"

"Nimesikia. Nimefurahi mno."

"Mimi pia."

Halafu wakaishiwa maneno, kama walivyo watu wa kwao. Zamani mmoja angesema haya basi, akaaga. Verlyn aliweka simu mezani, spika ikiwa imewashwa, akaendelea kumenya viazi. Upande wa pili alisikia Maren akifungua kabati, akitafuta kijiko, akikoroga kitu. Theluji ilikuwa inaanguka tena. Hakuna aliyekata simu.